Hodi ya Serikali Mlangoni: Sigara, Watoto na Sheria

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo pengine limo chumbani mwako wakati huu huu unaposoma karatasi hii, au lilikuwamo jana usiku. Ni moshi wa sigara. Sikuja kumkaripia mtu. Somo hili ni la historia, na swali lake ni hili: Je, serikali yaweza kumkataza baba au mama kuvuta sigara ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya watoto wake?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Kukataza sigara ndani ya basi ni jambo jepesi, kwa sababu basi ni la watu wote. Nyumba ni kitu kingine. Kwetu sisi hata ndugu wa damu haingii mpaka apige hodi, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Sasa serikali nayo ipige hodi? Na isipokaribishwa, ifanyeje?

Nitawaeleza habari za Uingereza zaidi kuliko za nchi nyingine. Waingereza wamebishana juu ya nyumba na juu ya moshi kwa miaka zaidi ya 400, na mabishano yao yameandikwa, kwa hiyo twaweza kuyafuata hatua kwa hatua.

Mambo mawili ya mwaka 1604

Mwaka 1604 yalitokea mambo mawili mjini London. La kwanza, Mfalme James wa Kwanza alitoa kijitabu cha kuishutumu tumbako. Wakati ule tumbako ilikuwa bado kitu kigeni kilichotoka Amerika, na watu waliivuta kwa kiko. Mfalme aliichukia mno. Aliiita desturi chafu, yenye kuudhuru mwili. Tena alimtaja mke wa mvutaji, akamsikitikia kwamba imempasa ama avute naye, ama aishi siku zote katika harufu mbaya ya mumewe. Liangalieni neno hilo vizuri. Miaka 400 iliyopita, mtu mmoja alikwisha kuona kwamba moshi haumkai mvutaji peke yake.

Lakini Mfalme alifanya nini? Hakuingia nyumbani mwa mtu. Alipandisha ushuru. Kila ratili moja ya tumbako ilikuwa ikilipiwa peni 2. Yeye akaagiza ilipiwe shilingi 6 na peni 10. Shilingi ya Kiingereza ya zamani ilikuwa na peni 12. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona ushuru ulipanda mara 41. Wavutaji hawakuacha. Tumbako iliingizwa kwa magendo, kisha Waingereza wakaanza kuilima wenyewe huko Virginia, na mwaka 1624 Mfalme yule yule akaiweka biashara yake chini ya ufalme ili apate faida. Tangu siku hizo serikali nyingi zimekuwa na mkono mmoja unaomwonya mvutaji na mkono wa pili umo mfukoni mwake.

Jambo la pili la mwaka ule lilikuwa daawa ya deni. Yajulikana kwa jina la mdai, Semayne. Askari wa Mfalme alitaka kuingia katika nyumba moja ili ashike mali, akakuta mlango umefungwa. Majaji walisema kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na maneno hayo yakawa methali ya Kiingereza mpaka leo. Watu wengi hukomea hapo. Majaji hawakukomea hapo. Waliendelea kusema kwamba askari mwenye kazi ya Mfalme aweza kuingia, hata kwa kuvunja mlango, lakini sharti kwanza aeleze amejia nini, na aombe afunguliwe. Yaani, apige hodi.

Basi tangu mwanzo sheria ile ilikuwa na pande mbili. Mlango una heshima yake, lakini heshima hiyo ina mpaka.

Pengine mtauliza kama wako wafalme waliotumia nguvu tu. Wako. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki alipiga marufuku tumbako, na adhabu yake ilikuwa kifo. Watu waliuawa, na watu waliendelea kuvuta kwa siri. Sultani alikufa mwaka 1640, na marufuku yake haikudumu. Tumwache.

Ng'ombe kwanza, mtoto baadaye

Kwa muda mrefu sheria za Uingereza zilimwona mtoto kuwa ni wa baba yake tu. Mwaka 1822 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda ng'ombe na farasi wasiteswe. Sheria ya namna hiyo kwa watoto ilipatikana mwaka 1889. Hesabuni: ng'ombe alimtangulia mtoto kwa miaka 67.

Msidhani ya kwamba hapakuwa na watu wema. Alikuwako Bwana mmoja mkubwa, Lord Shaftesbury, ambaye mwaka 1842 alisimama Bungeni mpaka ikapita sheria ya kuwatoa wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 katika machimbo ya makaa ya mawe chini ya ardhi. Hata yeye, mwaka 1871 alipoombwa asaidie sheria ya kuwalinda watoto na ukatili wa wazazi, alijibu kwamba maovu hayo ni makubwa, lakini ni ya ndani mno, sheria haiwezi kuyafikia. Mtu aliyekuwa tayari kuingia shimoni kwa ajili ya watoto alisita mlangoni pa nyumba.

Mwaka 1889 mlango ulifunguliwa kidogo. Sheria mpya ilisema kwamba polisi, akiwa na hati ya hakimu, aweza kuingia nyumbani penye mtoto anayeteswa, na mtoto aweza kuondolewa.

Halafu ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 1908, nami nataka tukae hapa kidogo. Sheria hii ilikataza kumwuzia tumbako mtoto wa chini ya miaka 16, na polisi aliweza kumnyang'anya mtoto sigara njiani. Juu ya baba mwenye kuvuta mbele ya mtoto haikusema neno. Lakini ilisema neno juu ya moto. Zamani hizo nyumba za Uingereza zilikuwa na mahali pa kuotea moto chumbani, na watoto wengi waliungua. Sheria ikasema: mtu akimwacha mtoto wa chini ya miaka 7 katika chumba chenye moto usio na kizuizi cha kutosha, na mtoto akafa au akaumia vibaya, mtu huyo atatozwa faini isiyozidi pauni 10.

Je, mwaona ilivyo? Serikali imekwisha kuingia chumbani, imesimama karibu na moto, na inamwambia mzazi namna ya kuulinda. Lakini tazameni tena neno lile, "na mtoto akafa au akaumia." Faini ilikuja baada ya mazishi.

Moshi unaotoka nyumbani

Mwezi wa Desemba, mwaka 1952, tangu tarehe 5 hata tarehe 9, mji wa London ulifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Mtu aliponyosha mkono hakuuona vizuri. Watu zaidi ya 4,000 walikufa, wengi wao wazee, wagonjwa wa kifua na watoto wachanga. Moshi ule ulitoka katika viwanda, lakini ulitoka pia katika meko ya nyumba za kawaida, baba na mama wakiota moto.

Mwaka 1956 Bunge lilitunga Sheria ya Hewa Safi. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi, hata moshi wa nyumbani. Lakini mwenye nyumba hakuachwa peke yake. Ilimbidi abadilishe meko yake yapate kuchoma vitu visivyo na moshi, na katika kila shilingi 10 za gharama hiyo alirudishiwa shilingi 7 kutoka katika fedha za serikali na za halmashauri. Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko faini zote. Serikali iliyomwamuru mtu abadili moto wake ilileta na fedha mkononi.

Hapa mtu mwenye akili atasema: "Moshi wa London ulitoka nje ukamwua jirani, kwa hiyo serikali ilikuwa na haki. Moshi wa sigara yangu hautoki chumbani mwangu." Ni kweli. Basi yatupasa tuulize, humo chumbani yumo nani?

Madaktari wahesabu

Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kwa hesabu kwamba wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji wa sigara kuliko wagonjwa wengine. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Waganga cha London kilitangaza wazi kwamba sigara yaua, na mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatangaza vile vile. Lakini habari zote hizo zilikuwa za mvutaji mwenyewe. Mtu mzima akijidhuru, wengi walisema, shauri yake.

Habari za mtoto zilikuja mwaka 1974. Madaktari watatu waliwafuata watoto 2,205 waliozaliwa Harrow, karibu na London, kati ya mwaka 1963 na 1965. Waliangalia ni wangapi walipata kichomi au ugonjwa wa njia za pumzi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Katika nyumba ambazo baba na mama hawavuti, walikuwa kama watoto 8 katika kila 100. Mzazi mmoja akivuta, kama 11. Wote wawili wakivuta, karibu 18.

Isomeni tena hesabu hiyo polepole, na mwenye kuongoza darasa aiandike ubaoni: 8, 11, 18. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti haikuwa wazi namna hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutoka nje kucheza. Mtoto wa miezi mitatu huvuta hewa ile ile tunayompa, tena huvuta haraka kuliko mtu mzima.

Mwaka 1981 daktari wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alieleza habari za wake wa wavutaji, ambao wao wenyewe hawakuvuta: nao walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake wa wasiovuta. Yule mke aliyesikitikiwa na Mfalme James alikuwa amepata hesabu yake. Siku hizi madaktari hawabishani tena. Moshi wa wengine huleta kichomi kwa watoto, huzidisha pumu, huharibu masikio, na huongeza vifo vya ghafula vya watoto wachanga. Kufungua dirisha hakutoshi. Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wavutaji.

Sheria yafika mpaka motokaa

Serikali zilianza na mahali pa watu wengi. Ireland ilikataza sigara katika mahali pa kazi na vilabuni mwaka 2004, Scotland mwaka 2006, Uingereza mwaka 2007. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya tumbako tangu mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007; hizo nazo zahusu zaidi mahali pa watu wengi.

Wako walioogopa kwamba mvutaji akifukuzwa kilabuni atakwenda kuvutia nyumbani, na watoto watazidi kuumia. Basi huko Scotland watu walipima mate ya watoto wa shule wenye umri wa miaka kama 11, kabla ya sheria na baada yake, wakitafuta alama ya nikotini. Alama hiyo ilipungua kwa 39 katika kila 100. Hofu ile haikuwa kweli. Lakini ilikuwako habari nyingine ndani ya habari hiyo njema. Kupungua kulionekana kwa watoto ambao wazazi hawavuti, au baba peke yake ndiye avutaye. Kwa watoto ambao mama huvuta, hapakuwa na tofauti ya kutegemewa. Yaani sheria iliwasaidia wale waliokuwa na nafuu tayari, na wale waliobanwa zaidi ilipita mlangoni kwao bila kuingia.

Hatua iliyofuata ilikuwa motokaa. Afrika haikuwa nyuma: Afrika ya Kusini ilipitisha sheria ya kukataza kuvuta ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12. Uingereza ilifuata tarehe 1 Oktoba 2015, na faini yake ilikuwa pauni 50. Bungeni wako waliosema gari la mtu ni kama nyumba yake. Wengi wakajibu kwamba gari lina mkanda wa lazima na taa za lazima, na serikali imo ndani yake siku nyingi. Polisi walitoza faini chache sana. Wengine husema hiyo ni dalili kwamba sheria haina kazi. Wengine husema watu hufuata sheria hata askari asipoonekana. Mimi naelekea upande wa pili, lakini si kwa nguvu.

Na nyumba yenyewe? Mji mmoja mkubwa umejaribu: Tokyo, huko Japani. Sheria ya mji huo ya kuwalinda watoto na moshi ilianza tarehe 1 Aprili 2018. Inawaambia wazazi wajitahidi wasivute katika chumba chenye mtoto, hata nyumbani kwao. Adhabu hakuna. Ni sheria inayotaja wajibu, kisha inanyamaza. Scotland nayo ilichagua njia ya kuwaeleza watu: mwaka 2014 serikali iliwahimiza wavutaji watoke nje kabisa, si dirishani wala mlangoni. Mwaka 2012 watoto 12 katika kila 100 walivutishwa moshi nyumbani. Mwaka 2015 walikuwa 6. Hakuna askari aliyeingia katika nyumba hata moja.

Upande wangu

Najua mtu mmoja darasani ataniuliza, "Na moshi wa kuni je? Mama anapikia ndani, jiko la mafiga matatu, mtoto mgongoni. Mbona hamsemi?" Ni swali la haki. Katika nyumba nyingi moshi wa kuni ni mwingi kuliko wa sigara, nao huua watu wengi zaidi. Lakini mama anapika ili watoto wale, wala hana jiko jingine. Mwenye sigara aweza kutoka nje kwa dakika tano. Hiyo ndiyo tofauti. Na ikiwa serikali itataka kumgusa mama yule, basi ifanye kama mwaka 1956, ije na jiko mkononi.

Nitasema na jambo la nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mvutaji. Tulilala watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Mdogo wangu alikuwa na pumu. Usiku alikuwa akikaa kitako, akivuta pumzi kwa sauti kama mlango wenye bawaba kavu, na upande wa pili wa pazia tuliona ncha nyekundu ya sigara ya baba, ambaye alikuwa macho kwa sababu ya mtoto huyo huyo. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenda zahanati, si mara moja. Hakujua. Siku muuguzi mmoja alipomwambia, alitoa kigoda nje jioni ile ile, na hakuvuta tena ndani. Lakini miaka sita ilikuwa imekwisha kupita, na katika miaka hiyo tulikwenda zahanati mara nisizoweza kuzihesabu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama askari angalikuja kumtoza baba faini, nasema hapana. Faini ingalitoka katika fedha ya dawa, na shahidi angalikuwa nani, mama? Mtoto? Nikiulizwa kama sheria ingaliacha jambo lile kwa sababu ni la ndani, nasema hapana vile vile. Kifua cha mdogo wangu hakikuwa mali ya baba. Sheria niitakayo ingaliwabana kwanza wale walionyamaza: kila zahanati, kila kliniki ya watoto, ilazimike kumwuliza mzazi kama anavuta, na kumweleza, na kumsaidia aache. Wajibu wa mzazi uandikwe wazi kama ulivyoandikwa Tokyo. Na hakimu aingie pale tu ambapo mtoto ni mgonjwa, mzazi ameambiwa na daktari, na bado anakataa kwa ukaidi. Najua wako watakaosema nimekuwa mpole mno. Najua watoto wa nyumba za wakaidi watangoja wakati sisi tunaeleza na kueleza. Jibu zuri la hoja hiyo sina.

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi ahesabu nyumbani kwake: vyumba vingapi, watu wangapi wanalala katika kila chumba, na mtu avutaye sigara au kiko hukaa wapi jioni. Usiandike majina. Kisha darasa ligawanyike makundi mawili. Kundi la kwanza litetee sheria yenye faini, kundi la pili lipinge, nanyi mwanzie pale palipo pagumu: mpangaji mwenye chumba kimoja, mvua inanyesha, hana kibaraza.